Ahadi ya Miaka Saba Mikononi mwa Viongozi wa Mwaka Mmoja: Uchambuzi wa Kisa kutoka Makazi ya Wakimbizi, Uganda

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu shirika lisilotafuta faida lililoanzishwa na wanafunzi wa sekondari nchini Marekani ili kuwasaidia watoto wakimbizi wanaosoma kusini-magharibi mwa Uganda. Niliratibu shughuli zake upande wa Uganda kuanzia 2018. Majina ya shirika, makazi, shule na watu wote yameondolewa, na idadi zimesogezwa kidogo ili familia zisitambulike. Lakini mfuatano wa matukio na hoja zilizotolewa vikaoni nimeziacha kama zilivyokuwa. Nimeandika nikiwafikiria hasa waratibu wenzangu wa upande huu, ambao ndio husimama mbele ya mzazi fedha zinapochelewa, na vijana wa ng'ambo wanaopokea uongozi wa shirika wakiwa na umri wa miaka 17 au 18 bila kuambiwa uzito wa mzigo wanaokabidhiwa.

Usuli

Makazi tunayoyazungumzia yanakaliwa zaidi na Wakongomani waliotoka Kivu na Ituri, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha ya soko, ya kanisa na ya mikutano ya wazazi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi haki sawa na raia katika elimu ya msingi, na tangu 1997 serikali ya Uganda imeondoa ada ya masomo katika shule za msingi za umma. Hata hivyo, mzazi bado hutakiwa kuchangia posho, yaani unga wa mahindi, na maharagwe ya mchana, sare, madaftari na karatasi za mitihani ya shule. Kwa familia inayoishi kwa mgao wa chakula na kipande kidogo cha shamba, michango hiyo inatosha kumbakiza mtoto nyumbani. Sekondari ni mlima mwingine kabisa, kwa sababu shule nyingi zilizo karibu ni za bweni na ada yake haina uhusiano wowote na kipato cha mkimbizi.

Shirika lilifanya kazi kupitia klabu za wanafunzi. Kila klabu, katika shule ya sekondari au chuo cha Marekani, ilichukua watoto kadhaa kwa majina, ikawachangia kila muhula na kuandikiana nao barua. Klabu zilikuwa 9 na watoto 52, kati yao 41 wakiwa shule ya msingi na 11 sekondari. Uongozi ulikuwa kwa kamati ya wanafunzi iliyochaguliwa kila Mei na kukaa madarakani mwaka mmoja. Juu yake palikuwa na bodi ya watu wazima watatu, wazazi wa waanzilishi, ambao kwa miaka mingi kazi yao kubwa ilikuwa kutia saini. Upande wa Uganda tulikuwa mimi, wasaidizi wawili na mwalimu mmoja aliyejitolea ndani ya makazi.

Jambo moja la usuli lilikuja kuwa na uzito kuliko yote. Julai 2017, kabla sijajiunga, kundi la wanafunzi lilitembelea makazi na kukutana na wazazi chini ya mwembe wa shule. Kiongozi wao alisema kwa Kiingereza kwamba wangewasaidia watoto hadi wamalize shule, naye kichwani mwake alikuwa na shule ile waliyokuwa wamekaa mbele yake, yaani shule ya msingi. Mkalimani akasema, «Watasomesha watoto hadi wamalize masomo.» Wazazi wakaelewa kwamba mtoto atasoma hadi mwisho wa safari, pengine hata chuo kikuu, wakapiga makofi na vigelegele. Hakuna aliyeandika kilichosemwa. Mama mmoja aliniambia miaka mitano baadaye kwamba kwa sababu ya siku ile aliacha kumwekea binti yake akiba ya kuku.

Mtiririko wa matukio

Kati ya 2018 na 2019 mpango ulikwenda vizuri kwa jinsi unavyotazamwa kutoka mbali. Watoto walihudhuria, sare zilifika, barua zilikwenda na kurudi. Tatizo lililojirudia kila mwaka lilikuwa muhula wa tatu. Mwaka wa shule wa Uganda huanza mapema katika mwaka na kwisha kati ya Novemba na Desemba. Ule wa Marekani huanza Agosti au Septemba na kwisha Mei au Juni. Klabu zilichangisha fedha kati ya Oktoba na Mei, kisha wanafunzi wakaenda likizo ndefu, shule zao zikafungwa na hesabu ikalala. Huku kwetu muhula wa tatu ulifunguliwa Septemba, nao ndio muhula ambao mwishoni mwake mtoto wa darasa la saba, P7 kama tunavyosema, hufanya mtihani wa taifa. Kwa hiyo ada ya Septemba ilitufikia Novemba. Mwaka 2019 wanafunzi wawili wa sekondari walirudishwa nyumbani katikati ya muhula, na mmoja wao alipitwa na mitihani yote ya mwisho wa mwaka. Niliandika taarifa, kamati ikaomba radhi kwa moyo wa kweli, na Mei iliyofuata wote waliosoma taarifa ile walikuwa wamekwisha kuondoka.

Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na katika wiki zizo hizo shule za Marekani nazo zikafungwa. Aprili mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulishushwa hadi asilimia 70, na Februari 2021 ukashuka tena hadi asilimia 60. Mwenyekiti wa kamati wa wakati huo, msichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, aliita kikao kwa njia ya video na kuuliza swali sahihi: fedha za muhula ambao haupo zifanye nini? Klabu 6 zilikubali ziende kwenye unga, maharagwe na sabuni. Tatu zilikataa zikisema fedha hizo zilichangwa kwa ajili ya masomo, na kwamba wafadhili wangehisi wamedanganywa. Sikukubaliana nazo, lakini hoja yao haikuwa ya kipuuzi.

Madarasa ya watahiniwa yalifunguliwa Oktoba 2020, mengine yakarudi kwa awamu, kisha Juni 2021 shule zote zikafungwa tena. Katika muda huo klabu zilikufa moja moja kwa ukimya. Klabu ya wanafunzi huishi kwa kukutana: kwa keki zinazouzwa ukumbini, kwa mwalimu mlezi anayekumbusha, kwa mdogo anayemwona mkubwa akifanya kazi na kutamani kuirithi. Wanafunzi waliokuwa wakisomea vyumbani mwao hawakurithishana chochote.

Shule za Uganda zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, na wanafunzi wakapandishwa darasa bila mtihani. Siku hiyo hapakuwa na kiongozi hata mmoja wa klabu aliyekuwamo wakati shule zilipofungwa. Klabu 5 kati ya 9 zilikuwa zimekwisha kufa. Tulipopita nyumba kwa nyumba tukawakuta watoto 41 walio tayari kurudi. Wasichana 3 walikuwa wamejifungua, wavulana kadhaa walikuwa wakifyatua matofali au kuchunga ng'ombe wa watu, na watoto 4 hatukuwaona wala kupata habari zao. Fedha zilizokuwepo zilitosha watoto 19.

Maamuzi na sababu zake

Kamati ilikutana nasi mara sita katika wiki tatu. Kwao ilikuwa saa tatu usiku, kwetu saa kumi na moja alfajiri. Ninataja saa hizo kwa sababu vijana hawa walikuwa na masomo asubuhi yake, na hakuna aliyekosa kikao hata kimoja.

Njia nne ziliwekwa mezani. Ya kwanza ilikuwa kuwalipia kikamilifu watoto 19 ambao klabu zao zilikuwa hai, na kuwaaga wengine. Mwenyekiti mpya, kijana wa mwaka wa pili chuoni, aliitetea kwa sababu aliona kwamba mfadhili aliyetoa fedha kwa jina la mtoto fulani anadai fedha hizo zimfikie mtoto huyo. Ya pili ilikuwa kugawanya fedha sawasawa kwa watoto wote, jambo ambalo mweka hazina aliliona kuwa ndiyo haki pekee. Ya tatu, tuliyoileta sisi wa Uganda, ilikuwa kuwatanguliza wanafunzi wa sekondari na wa P7, kwa kuwa nusu ya ada ya bweni haimweki mtoto bwenini hata siku moja, na kwa kuwa mtoto anayekosa mtihani wa mwisho hupoteza na miaka iliyotangulia. Ya nne ilikuwa kuachana kabisa na mtoto mmoja mmoja na kuchangia jiko la shule.

Kilichofungua fundo kilikuwa hoja ya sheria. Mjumbe mmoja wa bodi, ambaye ni mwanasheria, alieleza kwamba kwa kanuni za kodi za Marekani mchango unaotolewa kwa sharti kwamba umfikie mtu mmoja aliyetajwa hauhesabiki kuwa sadaka ya kupunguziwa kodi. Ni lazima shirika liwe na mamlaka ya kuamua fedha zitumikeje. Kumbe mfumo mzima wa «mtoto wetu» ulikuwa umesimama mahali pabaya hata kwa sheria ya kwao, na hakuna aliyewahi kuwaambia wanafunzi hao. Mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kama ni hivyo, swali la nani anadai limekwisha, limebaki la nani ataumia zaidi. Kuanzia hapo kikao kilibadilika.

Uamuzi ulichanganya njia ya tatu na ya nne. Wanafunzi wa sekondari waliorudi, ambao walikuwa 9, na wale 6 wa P7 wangelipiwa kikamilifu hadi mwisho wa ngazi waliyomo: S4 (mwisho wa sekondari ya chini), S6 (mwisho wa sekondari ya juu) au P7. Watoto 26 wa madarasa ya chini wasingelipiwa tena kwa jina. Badala yake shirika lingechangia chakula cha mchana cha shule nzima kupitia kamati ya usimamizi wa shule, jambo ambalo lingewafikia pia watoto wa wenyeji wanaosoma humo. Wazazi wa Kiganda na Kinyankole walikuwa wamekwisha kuuliza zaidi ya mara moja kwa nini watoto wao wanaokaa benchi moja na wakimbizi hawaonwi, nasi hatukuwa na jibu la kujivunia. Mwisho, kila familia ingeelezwa uso kwa uso, kwa Kiswahili, kabla ya muhula kuendelea.

Sharti hili la mwisho ndilo tuliloshindwa kulitimiza sawasawa, na kosa ni langu. Nilipanga ziara kwa mpangilio wa vijiji, nikakiacha cha mbali zaidi hadi wiki ya tatu kwa sababu ya barabara na mvua. Habari zilitutangulia. Mama mmoja wa kijiji hicho alisikia kwa jirani kwamba mwanawe «amefutwa». Nilipofika alinikaribisha kiti, akanipa maji ya kunywa, akasema, «Mwalimu, si kwamba tunakataa. Lakini ungekuja wewe kwanza.»

Matokeo

Hadi mwisho wa 2023, wanafunzi 7 kati ya 9 wa sekondari walikuwa wamemaliza ngazi waliyokuwamo au wakiendelea bila kukatizwa. Mmoja aliacha kwa hiari akaenda kujifunza ushonaji, na mwingine alihama na familia yake. Watoto wote 6 wa P7 walifanya mtihani wa Novemba 2022. Kati ya wale 26 wa madarasa ya chini, 22 walibaki shuleni, na walimu wanasema chakula cha mchana kiliongeza mahudhurio ya vipindi vya alasiri kwa shule nzima, ingawa sisi hatukupima jambo hilo kwa namna ambayo ningeweza kuitetea. Msichana mmoja kati ya wale 3 waliojifungua alirudi, kama miongozo ya Wizara ya Elimu na Michezo inavyoruhusu, wawili hawakurudi.

Gharama nayo ilikuwa kubwa. Klabu 2 kati ya 4 zilizosalia zilijitoa ndani ya mwaka mmoja kwa sababu wanachama hawakuona tena uso wa kumchangia. Mapato yalishuka, kisha yakainuka polepole klabu mpya zilipoanza kwa masharti mapya.

Masharti hayo ni matatu. Hakuna mtoto mpya wa sekondari anayechukuliwa kabla fedha za kumfikisha mwisho wa ngazi yake hazijakaa benki. Ada ya muhula wa tatu hutumwa Mei, kabla ya likizo ya Marekani kuanza. Na kiongozi anayechaguliwa hukaa miezi sita pamoja na anayetoka kabla ya kushika kazi peke yake. Bodi nayo iliongezwa wajumbe wawili kutoka Uganda, mmoja wao akiwa mzazi mkimbizi.

Uchambuzi

Watu wengi wanaosimuliwa kisa hiki husema korona ndiyo iliyoharibu. Sikubaliani. Korona ilikusanya ndani ya miezi 22 mambo ambayo yangetokea kwa zamu katika miaka saba. Elimu ya msingi ya Uganda ni miaka 7, sekondari ya chini 4, ya juu 2. Kwa jumla ni miaka 13 kwa mtoto anayeanza P1 leo. Mwanafunzi wa Marekani hukaa sekondari miaka 4, na katika uongozi wa klabu mwaka mmoja. Hata pasingekuwa na janga lolote, mtoto aliyechukuliwa akiwa P1 angepita mikononi mwa wenyeviti wasiopungua saba kabla ya kumaliza P7, na ahadi aliyopewa na wa kwanza ingemfikia wa saba ikiwa uvumi tu. Ahadi ya muda mrefu ilipaswa kushikwa na kitu kinachodumu, yaani akiba benki, bodi na maandishi, huku wanafunzi wakipewa kazi inayolingana na mwaka wao. Shirika lilifanya kinyume: liliweka ahadi mikononi mwa vijana na kuwaacha watu wazima na saini.

Hili si lawama kwa vijana. Nimefanya kazi na wafadhili wa umri wa baba zangu ambao hawakuwahi kuniuliza maswali niliyoulizwa na mwenyekiti wa miaka 19 alfajiri ile. Vijana walifanya vizuri kila walipopewa taarifa kamili na uamuzi wa kweli, na vibaya kila walipofichwa ugumu ili wasivunjike moyo. Mimi mwenyewe niliwaficha. Taarifa zangu za 2018 na 2019 zilijaa picha za sare mpya, na suala la ada ya Novemba nililiweka ukurasa wa mwisho kwa sentensi laini. Mrithi wa uongozi aliyesoma faili hilo asingejua kwamba kuna mtoto aliyekosa mitihani kwa ajili ya kalenda.

Barua zinahitaji neno la peke yake. Kwa miaka mitatu watoto waliandika kwa Kiingereza, na kwa kuwa wengi walikuwa wametoka kusoma kwa Kifaransa na Kiswahili upande wa Kongo, mwalimu aliandika mfano ubaoni nao wakanakili. Klabu zilipokea barua 40 zenye sentensi zilezile. Mwanafunzi mmoja wa Marekani alizipanga mezani, akagundua, akauliza kama watoto hao wapo kweli. Swali lilituuma, lakini lilikuwa la haki. Tulipowaruhusu watoto waandike kwa Kiswahili, nasi tukatafsiri, barua zilipungua idadi na kuongezeka uzito. Mvulana wa P5 aliandika kuhusu mbuzi wa babu yake aliyeachwa Kivu. Msichana mmoja aliandika kwamba hapendi kupigwa picha. Kutokana na barua hiyo moja tuliacha kutuma picha za nyuso, hatua ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 ilikuwa imetudai tuifikirie mapema zaidi, angalau kwa kuomba ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Wala hakuna klabu iliyojitoa kwa sababu ya picha.

Kuhamia kwenye jiko la shule kulifaa kwa usawa na kwa amani kati ya wakimbizi na wenyeji, lakini nisingependa mtu anukuu kisa hiki kama ushahidi kwamba ufadhili wa mtoto mmoja mmoja ni mbaya daima. Kwa mwanafunzi wa sekondari ya bweni hakuna njia nyingine: ada ni ya mtu, na kitanda ni cha mtu. Tulichokosea ni kutumia mfumo uleule kwa mtoto wa P2 ambaye mahitaji yake karibu yote ni ya pamoja na wenzake.

Kuhusu tafsiri ya 2017, tumebadilisha utaratibu. Kabla ya mkutano wowote wa wazazi, kila sentensi yenye ahadi huandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, ikitaja darasa na mwaka: «tutalipa hadi mwisho wa P7, Desemba 2026.» Husomwa kwa sauti, na mzazi mmoja huombwa aieleze upya kwa maneno yake. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, baba mmoja alieleza kwamba tutalipa hadi P7 halafu tutatafuta mtu wa sekondari. Hatukuwa tumesema hivyo. Tukaiandika sentensi upya palepale, tukaongeza kwamba hatujui kama tutapata wa sekondari, na wazazi wawili wakaamua siku hiyohiyo kuanza kuweka akiba katika kikundi chao.

Linalobaki bila kutatuliwa ni wale watoto 4 ambao hatukuwapata Januari 2022. Huenda familia zilirudi Kongo, huenda zimo katika makazi mengine hapa nchini. Kamati ya sasa, ambayo hakuna mjumbe wake aliyewahi kusikia majina hayo yakitajwa na aliyewajua watoto wenyewe, ilikataa kuyafuta. Wamewatengea kila mmoja mchango wa muhula mmoja, na utaendelea kushikiliwa hadi Desemba ya mwaka ambao kila mmoja wao angemaliza P7.